Mshiriki wa Tisa

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri,
nakwangua barafu kwenye kioo cha gari.
Nyuma kuna koleo la theluji, chupa ya kahawa,
na sura ya tatu iliyorudi kwangu mara ya nne,
nyekundu kama goti la mtoto aliyeanguka.
Kutoka Ontonagon hadi chuoni ni saa mbili na nusu,
Ziwa Superior likiwa kushoto kwangu,
jeupe, limefumba mdomo.

Shahada ya uzamivu. Aliyeipa jina hakukosea:
unavuta pumzi ukiwa na miaka arobaini na saba,
unazama,
na ukiibuka una hamsini na miwili,
mumeo amejifunza kupika vitu vitatu,
mbwa amekufa,
na bado kuna mtu anakuuliza
nadharia yako imesimama juu ya nini.

Imesimama juu ya sakafu ya jikoni, Profesa,
saa sita usiku, miguu peku.

Mada yangu: usikivu wa mkuu wa shule
na uboreshaji wa shule ndogo za vijijini.
Kamati ya maadili ikasema sawa,
lakini bosi hawezi kuwahoji walio chini yake;
atafutwe mwingine, majina yafichwe.
Akaja kijana mmoja, Desmond Achterberg,
na kinasa sauti na viatu visivyojua theluji.
Akawahoji kumi na wanne.
Akanikabidhi kurasa mia mbili na sita
bila jina hata moja.

Nikaanza kuzitia rangi. Kijani: matumaini.
Njano: ratiba. Buluu: wazazi.
Naona haya kusema, lakini nilikuwa na raha.
Maneno ya watu yakishapangwa kwa rangi hayaumi.

Hadi ukurasa wa mia na kumi na nane.
Mshiriki wa Tisa:

"Zamani alikuwa anapita kila asubuhi, anauliza.
Siku hizi amejifungia, anaandika.
Nimemwambia mara tatu kuhusu mlango wa kaskazini,
haufungi sawasawa, darasa la kwanza
wanajifunza kusoma wakiwa na makoti. Mara tatu.
Anasema jaza fomu.
Sina ugomvi naye. Ni mtu mzuri.
Ila naona anasomea namna ya kutusikia."

Jina limefichwa. Sauti haifichiki.
Nani mwingine angehesabu makoti ya darasa la kwanza
kama si Reino Lahtinen, mwenye funguo,
anayefagia ngazi zile tangu kabla sijawa mkuu?

Nilikaa na kalamu mkononi.
Mwongozo unataka kila kauli ipewe alama.
Hakuna rangi niliyokuwa nimeitenga kwa ajili yangu.
Mwishowe niliandika pembeni, kwa penseli:
uongozi, kutokuwepo.
Nikaiangalia.
Ikaingia kwenye jedwali kama matokeo mengine.

Jumatatu sikumwambia kitu. Siruhusiwi kujua.
Nilishika tochi, yeye akashika randa,
maranda yakaangukia viatu vyetu,
na upepo wa ziwa ukaingia kwenye ufa
kama mwanafunzi mchelewaji asiyeona aibu.
Alifanya kazi bila kuongea, kama kawaida yake.
Kisha, bila kuinua uso:
"Nani kakuambia kuhusu huu mlango?"

Miaka mitano. Riba ya mkopo. Rafu tatu za vitabu.

"Baridi," nikasema.

Akacheka kidogo, kwa puani,
akaniomba nisogeze mwanga kushoto.